Maji ya Limau Siku ya Mazishi

Hapa Gisenyi wanafunzi wa chuo cha hoteli wana jina lao. Watu huwaita basourire, watu wa tabasamu. Asubuhi utawaona wakipanda barabara inayotoka ziwani, shati jeupe, kizibao cheusi, viatu vimepigwa rangi, na kila mmoja atakusalimu kwa tabasamu lile lile, hata kama hakujui, hata kama umebeba gunia la makaa kichwani na huna pumzi ya kumwitikia. Watu wengi mjini hawalipendi tabasamu hilo. Wanasema ni nguo ya kazi kama kile kizibao, na jioni wanaitundika ukutani.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma darasa saba tu, kule Karagwe nilikozaliwa kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, na Kiswahili ninachoandika ni kile cha shule ile. Cherehani yangu iko kwenye baraza karibu na soko. Pembeni yangu anakaa mwanamke anayeuza viazi vya Mudende, yeye alikulia Masisi, upande wa Kongo, na tumekaa bega kwa bega miaka mingi kiasi kwamba tunagombana bila kuangaliana. Wanafunzi wa chuo wakipita, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuwasema.

"We dada, angalia ile ingine inakuja. Inacheka. Uliza inacheka nini."

"Inanisalimu."

"Salamu haina meno mingi hivi."

Alikuwa na orodha yake ya mambo juu yao, na si yeye peke yake. Kwamba wanamdanganya kila mtu kwa sababu wamefundishwa kudanganya. Kwamba siku ya kazi za pamoja za mtaa wanashika jembe kama kijiko. Kwamba wasichana wao wanamaliza mwaka wa pili wakiwa na mimba za wageni wa hotelini. Mimi nilikuwa nawashonea vizibao, na niliwaona kwa karibu zaidi kuliko yeye. Wengine walikuwa na adabu, wengine walikuwa na kiburi, kama watoto wa mahali popote. Lakini kuhusu tabasamu sikuweza kumbishia. Niliwahi kumchoma msichana mmoja kwa pini ubavuni nikimpima, akaruka, na kabla hajamaliza kuruka alikuwa ameshatabasamu na kuniambia hakuna shida, mama.

Halafu binti yangu akachagua chuo hicho hicho.

Alikuwa mtoto wangu pekee. Baba yake alikufa akiwa bado mdogo, na tangu hapo tulikuwa wawili katika vyumba viwili vya kupanga, juu mlimani, mahali ambapo njia ni ya mawe meusi na mvua ikinyesha unashuka ukishika kuta za watu. Nilipomwambia jirani yangu, alipiga makofi mara moja.

"Bon. Sasa na we unakuwa mama ya basourire. Hata kulia utalia ukicheka."

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Alikuwa anakuja nyumbani Ijumaa na kufanya mazoezi juu yangu. Alinikalisha kwenye kigoda, akaweka kitambaa cha kufutia vyombo juu ya mkono wake, akasimama wima.

"Karibu sana, mama. Leo utapenda viazi, au utapenda viazi?"

"Niletee viazi."

"Umechagua vizuri sana."

Tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Alinieleza waliyofundishwa. Mgeni asijue umechoka. Mgeni asijue umegombana na mtu, wala kwamba umefiwa. Kati ya jiko na ukumbi wa kulia kuna chumba kidogo cha vyombo, na kati ya chumba hicho na ukumbi kuna mlango unaosukumwa kwa bega. Mwalimu wao alikuwa akiwaambia kwamba shida zote zibaki nyuma ya mlango ule. Alimwiga mwalimu akisema hivyo, kwa sauti ya puani, na mimi nikaona ni jambo la maana kumfundisha mtoto.

Mwaka wa pili alianza kuchelewa kupanda mlima wetu. Nilikuwa namwona toka dirishani. Alisimama kwenye kila geti na kuwasalimu waliokuwamo. Kwa mama wa duka dogo, kwa wazee wanaocheza igisoro, bao letu, kwenye kivuli cha ukuta, kwa mlinzi wa nyumba ya ghorofa, ambaye hakuna aliyekuwa anamsalimu. Alisimama, akaweka mkono kwenye geti, akatabasamu, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi. Mtaa mzima ulisema chuo kimemharibu, amekuwa wa kusalimia hata mawe. Mimi niliona fahari kidogo. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

Miguu yake ilivimba. Aliniambia ni kusimama. Katika mazoezi wanasimama toka asubuhi na hairuhusiwi hata kuegemea ukuta. Halafu akaniletea sketi ya sare niilegeze kiunoni. Nililegeza. Baada ya muda mfupi akairudisha nilegeze tena, na nikaona kwamba kiuno kinaongezeka huku mikono inapungua. Jirani yangu naye aliona. Alingoja binti aondoke, kisha akasema polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

"Dada, mi nakuambia juu nakupenda. Ile ni mimba. Batoto ba kule, ni vile inaendaka."

Jioni ile nilimwuliza moja kwa moja, kwa sababu sijui kuuliza kwa kuzunguka. Alikuwa anamenya viazi. Aliinua uso, na tabasamu likaja, lile lile la barabarani, pana, la kupokea watu.

"Hapana, mama. Ni chakula cha chuo. Kila kitu wanatia siagi. Hakuna shida."

Nilimwamini, kwa sababu hakuwahi kunidanganya, na kweli haikuwa mimba.

Siku moja katikati ya wiki nilipigiwa simu na msichana aliyekuwa anasoma naye, msichana mrefu wa Kanama, ambaye alikuwa amekula kwetu mara kadhaa. Akasema binti yangu ameanguka katika mazoezi na wamempeleka hospitali. Niliacha cherehani na kitambaa cha mteja chini ya sindano. Nilipofika, walikuwa wamemkalisha kitandani, mito mgongoni, kwa sababu akilala anakosa hewa. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau. Aliponiona mlangoni alitabasamu, akasema, "Karibu, mama." Kama vile kitanda kile ni meza aliyokuwa ameniwekea.

Hakuiona siku iliyofuata.

Daktari alinieleza kwa upole. Moyo ulikuwa umeharibika, kilango kimoja ndani yake, na inawezekana ulianza kuharibika utotoni, kwa homa ya koo ambayo hata sikumbuki. Alisema ugonjwa huo huchukua muda mrefu na mgonjwa huusikia. Kisha akaniuliza, bila nia mbaya, "Kwani hakuwahi kukulalamikia?"

Swali lile nilitoka nalo hospitali na sikuweza kuliweka chini. Sikuwa namwuliza Mungu kwa nini amekufa; watu wanakufa. Nilitaka kujua jambo moja tu. Lile tabasamu alilokuwa ananipa mimi, nyumbani kwetu, lilikuwa lake, au lilikuwa lile la chuo? Alinificha kama mtoto anavyomficha mama, au kama mhudumu anavyomficha mgeni? Kwa mtu mwingine labda ni kitu kimoja. Kwangu haikuwa. Nilikuwa na mtu mmoja duniani, na sasa sikujua kama alikuwa anakuja nyumbani Ijumaa kupumzika au kuendelea na kazi.

Tulimzika kwenye makaburi ya juu, udongo mweusi, mvua nyembamba. Wanafunzi wa chuo walikuja wengi, wote katika sare, na mimi niliona ni heshima. Sikuona kwamba baadhi yao hawakufika kaburini.

Wasiojua desturi yetu niwaambie. Tukitoka kuzika, hatutawanyiki. Tunarudi nyumbani kwa wafiwa, na getini kila mtu ananawa mikono kabla ya kuingia. Ndiyo maana shughuli yote inaitwa gukaraba, kunawa. Maji ni ya jerikani, baridi, na kipande cha sabuni ya kufulia. Unanawa udongo wa kaburi, unajifuta kwenye nguo yako, unakaa, unapewa kinywaji, na watu wanaanza kumzungumzia marehemu. Hakuna asiyejua. Hata mtoto mdogo anajua.

Getini kwetu siku ile hapakuwa na jerikani. Wanafunzi walikuwa wamesimama mistari miwili, vizibao vimefungwa vifungo vyote, kila mmoja na beseni dogo la kung'aa. Maji yalikuwa ya moto kiasi, yanatoa mvuke. Ndani yake kulikuwa na vipande vya limau, vyembamba, vya mviringo. Kila mmoja alikuwa na taulo ndogo nyeupe juu ya mkono wa kushoto, zimekunjwa kama mandazi. Na wote walikuwa wanatabasamu.

"Karibuni sana," walisema. "Karibuni sana."

Watu walisimama njiani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akisema kwa Kinyarwanda, "Yewe, ni harusi ya nani?"

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia siku hiyo. Ni mtu wa kimya. Amefanya kazi ya kuvusha bidhaa mpakani maisha yake yote na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisogea mpaka kwa wa kwanza katika mstari, ambaye alikuwa yule msichana mrefu wa Kanama, akaangalia ndani ya beseni.

"Hii ni nini?"

"Ni limau, baba mdogo. Karibu sana."

"Mi natoka kuzika mutoto," akasema. "Sitoki kula samaki ya sambaza hotelini."

Aliingiza vidole, akatoa kipande cha limau, akakitupa kwenye mfereji. Halafu akapaza sauti, sauti ambayo sikujua kwamba anayo. "Munacheka nini? Quand même! Munacheka nini hapa? Ni nyinyi mulimufundisha kucheka mpaka akakufa na hatukujua!"

Mistari ile haikuvunjika. Walibaki vile vile, mabeseni mikononi, meno nje, na mvua ikaanza kuingia katika maji. Ninakiri kwamba wakati ule niliwachukia. Nilisema moyoni, jirani yangu alisema kweli, na mji wote ulisema kweli, hawa hawana kitu ndani.

Nilikuwa mimi wa kuingia kwanza, kwa sababu hakuna anayeweza kuingia kabla ya mama. Nikasimama mbele ya yule msichana mrefu, na kwa kuwa mimi ni mfupi nilimwona uso kutoka chini. Mdomo ulikuwa umefunguka katika lile tabasamu lao. Juu ya mdomo, machozi yalikuwa yanashuka mistari miwili, yanaingia katika pembe za tabasamu, yanadondoka ndani ya beseni. Kidevu kilikuwa kinatetemeka. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

"Acha kucheka, mwanangu," nikamwambia.

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Nikiacha nitaangusha beseni."

Nikanawa. Maji yalikuwa vuguvugu, na harufu ya limau ilikaa vidoleni mwangu mpaka usiku, na hilo sikulipenda, nasema kweli. Udongo wa kaburi hautakiwi kunukia vizuri. Watu waliponiona nimenawa nao wakanawa, na wengine walirudisha zile taulo bila kuzigusa. Shemeji alikwenda bombani nyuma ya nyumba.

Katika mazungumzo ya siku ile watu walimsifu binti yangu. Karibu kila mmoja alisimama akasema kwamba alikuwa mtoto mwenye furaha. Mlinzi wa nyumba ya ghorofa alikuja, akasema hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza habari za mbuzi wake. Nikainamisha kichwa.

Siku za kukaa matanga zilipokwisha, yule msichana mrefu alikuja na vitu vya binti yangu kutoka bwenini. Alikuja bila sare, amevaa kitenge cha kawaida, akanikuta nyuma ya nyumba nikipalilia kijishamba changu cha maharage. Akachukua jembe mkononi mwangu bila kuuliza, akamaliza mstari wote huku mimi bado natafuta pa kukaa. Kwa hiyo lile la jembe na kijiko ni uongo, na niliwahi kumwambia hivyo jirani yangu.

Katika mfuko kulikuwa na viatu vya kazi. Vilikuwa vimepasuliwa pembeni kwa wembe, vyote viwili, ili miguu iliyovimba iingie, na katika pasuo kimetiwa kipande cha lastiki nyeusi na kushonwa kwa mkono. Ukivitazama kutoka mezani huwezi kuona. Niliijua mishono ile. Ni mimi niliyemfundisha, akiwa na miaka michache tu, akikaa chini ya cherehani.

"Mlijua?" nikamwuliza.

"Tulijua anaumwa, mama. Hatukujua anakufa."

"Na huko alikuwa anatabasamu hivyo hivyo?"

Msichana alishangaa. "Huko nyuma? Nyuma ya mlango? Hapana, mama! Huko alikuwa mkali kama pilipili. Anakaa kwenye kreti, anavua viatu, anakunja uso. Ukimgusa anakutukana. Alikuwa anatukana trei, anatukana ngazi, anatukana mwalimu. Tulikuwa tunamwita mama mkwe." Akacheka kidogo, kicheko kibaya, cha kukwaruza, kisichofanana na kile cha barabarani. "Tulikuwa tunambebea sahani zake. Akipumua vizuri anasimama, anapaka mafuta midomo, anasukuma mlango."

"Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

Alisita. Nikamwambia aseme tu.

"Alisema ukijua utafunga cherehani, utauza kila kitu, utampeleka Kigali, na masomo yatakwisha. Alisema atakuambia akishapata cheti." Akaangalia chini. "Ijumaa akijiandaa kuja kwako, alikuwa anapaka mafuta midomo hivyo hivyo. Kama anaingia ukumbini."

Hapo nikapata jibu langu. Nilikuwa nimelitaka, na nilipewa. Jirani yangu alisema kweli, na mji ulisema kweli kuhusu tabasamu lile. Ni nguo ya kazi kweli. Walichokosea ni kudhani kwamba chini yake hamna mtu. Alikuwamo, mkali, mwenye maumivu na matusi, na mimi sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimelishwa mezani vizuri sana kwa mwaka mzima.

Sikulia mbele ya msichana. Nilimwomba jambo moja. Nilimwomba anipeleke nikakione kile chumba.

Chuo kina siku ambayo wanafunzi wanapikia watu wa nje, ndiyo mazoezi yao. Alimwomba mwalimu ruhusa, akapewa. Nilivaa kitenge cha kanisani. Pale mlangoni kijana mmoja alinipokea na lile tabasamu, akanivutia kiti kwenye meza yenye maua, na kupitia dirishani ziwa lote lilionekana, la kijivu, bila mtumbwi hata mmoja. Nikamwambia hapana, asante, mimi si mgeni wa meza. Nikaonyesha ule mlango unaosukumwa kwa bega.

Ni chumba chembamba. Kuna sinki, rafu za sahani, taa moja, joto la jiko linaloingia kutoka upande wa pili. Kreti ilikuwa kwenye kona, imepinduliwa, na juu yake mtu aliwahi kushona mto wa vipande vya kitambaa. Vipande vile vilikuwa vya barazani kwangu. Nikakaa. Niliweka miguu mahali ambapo miguu yake lazima ilikuwa inakaa.

Kazi ikaanza. Walikuwa wanaingia na kutoka, na niliona nyuso zao zikibadilika pale pale mlangoni, bega likigusa ubao. Wakija kwangu uso unaanguka wote, jasho, midomo imekaza, mmoja analalamika kidole kimeungua, mwingine anasema meza ya dirishani wanakula kama hawakulishwa toka wazaliwe. Wakirudi, uso unapanda tena. Hakuna hata mmoja aliyenitabasamia mle ndani. Hawakuwa na muda, na nadhani hawakuona sababu.

Yule msichana mrefu aliingia kwa kishindo na trei imejaa sahani chafu mpaka juu. Alikuwa amekunja uso, pua inatoka jasho. Hakunisalimu.

"Sogeza miguu, mama," akasema.

Nikasogeza.